Mlima, Bahari na Mizani

Mwezi huu twataka kulipa deni. Deni lenyewe si la fedha, ni la jibu. Na anayetudai ni mtoto wa miaka 13 anayesoma katika madrasa yetu hapa Maji ya Chai. Twalilipa hadharani kwa kuwa kosa tulilitenda hadharani, mbele ya wenzake, na kwa kuwa twajua kosa hilo hutendeka katika nyumba nyingi kila siku.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya pili ya mvua kubwa. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuondoka, na Kilimanjaro umetokeza wote upande wa mashariki, kama vile mtu angeweza kuugusa. Meru ulikuwa nyuma yetu. Mtoto huyo akanyosha mkono, akasema: "Maalim, kitabu cha shule chasema Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Kaka yangu asema ulipimwa tena ukaonekana mita 5,892. Je, mlima umepungua, au mmoja wao amesema uongo?"

Sisi elimu yetu ya shule iliishia shule ya msingi. Hatukuwa na jibu. Na badala ya kusema hatujui, tukatafuta pa kujificha. Tukamwambia kwamba milima ni vigingi vya ardhi, na kigingi hakiendi wala hakipungui, na mwanafunzi mwema hajishughulishi na ubishi wa watu wa vipimo. Watoto wakacheka. Yeye akainamisha kichwa. Kwa muda wa wiki tano hakuuliza swali tena, hata katika somo la tajwidi ambalo alikuwa akilipenda kuliko wote.

Kunyamaza kule kulituuma. Tulitambua kuwa tumeifanya Qur'ani pazia la kufichia ujinga wetu, na hiyo si heshima kwa Qur'ani. Basi tukamwendea mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa ni mpima ardhi mjini Arusha, tukakaa naye jioni tatu kama mtoto akaavyo mbele ya mwalimu. Haya tunayoyaandika ni yale tuliyoyafahamu kwake na katika vitabu alivyotusomea.

Swali la kwanza alilotuuliza yeye lilikuwa hili: "Maalim, urefu wa mlima huanza kuhesabiwa wapi?" Tukasema, chini. Akacheka kwa adabu, akauliza: "Chini ya wapi? Mtu wa Moshi na mtu wa Tanga hawasimami chini pamoja." Tukanyamaza.

Kisha akatukumbusha jambo ambalo tulikuwa tumeliona kwa macho yetu wenyewe. Tulipokuwa tunajenga chumba cha pili cha madrasa, fundi alichukua mpira mwembamba wa plastiki, akaujaza maji, akamshikisha kibarua ncha moja kwenye kona ya huku, naye akashika ncha nyingine kwenye kona ya kule. Maji yalipotulia, akapiga alama ya penseli mahali yaliposimama katika kila kona. Ardhi yetu ina mteremko, lakini alama zote zilikuwa sawa, kwa sababu maji ndani ya mpira hayadanganyi. Yakiachiwa, husimama kiwango kimoja. Kutoka katika alama ile ndipo fundi akapima kwenda juu na kwenda chini.

Basi bahari ndiyo mpira wa maji wa dunia. Wapimaji huiangalia bahari mahali pamoja, huandika maji yanavyojaa na kupwa, usiku na mchana, bamvua na maji mafu, kwa miezi na miaka, kisha hutafuta wastani wake. Wastani huo ndio sifuri. Kwa vipimo vya nchi yetu, sifuri ilitafutwa katika bandari ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kutoka huko alama zikachukuliwa kituo kwa kituo kuelekea bara. Kwa hiyo yule asemaye kuwa nyumba yake ya Arusha iko mita 1,400 juu, akijua asijue, anaitaja bahari.

Wala jambo la kuyapima maji kwa subira si geni kwa Waislamu. Huko Misri, katika kisiwa cha Rawda kilichoko Kairo, lipo jengo liitwalo Miqyas, lililojengwa mwaka 861, zama za Khalifa al-Mutawakkil. Ndani yake mna kisima kirefu na nguzo ya mawe iliyogawanywa kwa dhiraa. Maji ya Nile yalipopanda, msimamizi alisoma nguzo. Na kwa kipimo kile watu walijua kama mwaka ni wa shibe au wa njaa, na serikali ikajua ni kodi kiasi gani mkulima anaweza kulipa bila ya kudhulumiwa. Tazameni jinsi alama juu ya jiwe ilivyokuwa haki ya mkulima.

Sasa turudi kwa mlima. Wajerumani walipoutawala mwambao na bara, mpandaji wao Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, aliandika kuwa mlima una mita 6,010. Mwaka 1952 Waingereza wakaupima kwa kutazama pembe kutoka mbali, wakapata mita 5,895, na hiyo ndiyo iliyoingia katika vitabu vya shule. Mwaka 1999 wataalamu wa Tanzania na Ujerumani walipanda na vyombo vya GPS, vinavyopokea ishara za setilaiti, wakapata mita 5,892 na nusu hivi. Mwaka 2008 kikapanda kikosi kingine, kikapata karibu mita 5,891. Na mwaka 2014 ikapatikana 5,899.

Msomaji atazame hesabu hizo. Kutoka 2008 hadi 2014 ni miaka sita tu. Je, mlima uliruka mita nane? La, haukuruka. Wala haukupungua mita tatu kati ya 1952 na 1999. Wapo wasemao kuwa umefupika kwa sababu barafu imeyeyuka. Ni kweli kwamba barafu ya Kibo imekwisha kwa kiasi kikubwa, zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwako mwaka 1912. Lakini pale Uhuru, mahali penyewe pa kipimo, ni ardhi na changarawe, si barafu. Kilichobadilika ni njia ya kupima.

Njia ya kutazama pembe ni ya zamani, na yenye heshima. Katika karne ya 11 Abu Rayhan al-Biruni alisimama juu ya mlima karibu na ngome ya Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistan. Alikuwa amekwisha kuupima urefu wa mlima ule. Kisha akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama chini ya usawa wa jicho lake, na kwa pembe hiyo ndogo akahesabu ukubwa wa dunia nzima, akakaribia sana hesabu ya leo. Lakini njia hii ina adui wake, nayo ni hewa. Hewa huupinda mwanga, kama maji yanavyoufanya mwiko ndani ya sufuria uonekane umevunjika. Mlima ukitazamwa kutoka mbali, upindaji mdogo wa mwanga hugeuka kuwa mita kadhaa.

GPS haisumbuliwi hivyo, lakini nayo ina shida yake, na hapa ndipo tulipokaa jioni nzima ya pili. Chombo kile hakiijui bahari. Hupima urefu kutoka katika umbo la dunia lililotengenezwa kwa hesabu, umbo laini lisilo na bonde wala kilima, kama yai lililobonyea kidogo. Bahari ya kweli haifuati umbo lile sawasawa, kwa sababu maji hutii uvutano wa ardhi, na uvutano haulingani kila mahali. Penye mawe mazito chini huvuta zaidi, na penye mepesi huvuta kidogo. Kwa hivyo mtu akitaka kujua urefu wa mlima juu ya bahari, hana budi kwanza kujua bahari ingesimama wapi lau mfereji ungechimbwa kutoka Tanga ukapita chini ya mlima. Mfereji huo hauchimbiki. Bali hutafutwa kwa kupima uvutano. Ndiyo maana hesabu za karibuni zimekuwa zikitofautiana kwa mita, kila watu na mfereji wao walioukadiria.

Fundi wetu naye anaujua uvutano, ingawa haliiti jina hilo. Timazi yake, lile jiwe la chuma linaloning'inia kwenye uzi, huelekea kule ardhi inakovuta. Na pima maji yake husimama kwa amri hiyo hiyo. Na mwaka 1121, katika mji wa Marw, mwanachuoni aitwaye al-Khazini aliandika kitabu cha mizani, Kitab Mizan al-Hikma, akaeleza humo kwamba uzito wa kitu hubadilika kwa kadiri ya umbali wake na kitovu cha dunia. Leo yanajulikana haya kwa hesabu: kila mtu apandapo mita moja hewani, uvutano hupungua kiasi cha sehemu 3 katika sehemu milioni 10. Ni kidogo mno kwa mizani ya sokoni. Lakini kuna chombo ambacho huangusha kitu ndani ya mrija uliotolewa hewa, na kuupima mwendo wa kuanguka kwake kwa mwanga wa leza. Na chombo hicho hutambua kama ardhi imeinuka au imeshuka sentimita chache tu.

Hapo tukamwuliza: "Basi ardhi huinuka na kushuka? Nasi tumewaambia watoto kigingi hakiendi." Akatujibu: "Maalim, umesahau mwaka 2007?"

Hatukusahau. Julai ya mwaka ule ardhi ilitetemeka siku baada ya siku. Tetemeko kubwa lilikuwa tarehe 17 Julai, la kipimo cha 5.9, nalo lilisikika hata Nairobi. Hapa kwetu sufuria zilianguka rafuni, na majirani walitoa magodoro nje wakalala chini ya migomba. Na uvumi ukatembea kuliko tetemeko lenyewe. Mmoja alisema Meru unapasuka usiku wa Ijumaa. Mwingine akasema amepigiwa simu na mtu wa serikali. Na sisi, Mungu atusamehe, tuliyachukua maneno yale tukayapeleka mbele bila ya kuyapima. Familia moja jirani yetu iliuza mbuzi wake wanne kwa bei ya kutupa, wakakimbilia kwa ndugu zao. Meru haukupasuka. Wale mbuzi hawakurudi.

Kilichokuwa kikitokea kilikuwa mbali nasi zaidi ya kilomita 100, karibu na mlima Gelai na Ziwa Natron. Uji wa moto ulio chini ya ardhi ulijipenyeza katika mwamba ukasimama kama ukuta mwembamba, ukaisukuma miamba huku na huku kwa kiasi cha mita mbili. Ardhi ya juu ikatitia mahali pengine na kuinuka mahali pengine. Haya hayakusemwa kwa kukisia: setilaiti zenye rada zilipita juu kabla na baada, na picha zake zilipolinganishwa zikaonyesha ardhi ilivyosogea. Kisha tarehe 4 Septemba 2007 Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ukalipuka na kutupa majivu.

Tangu mwaka 2016 mlima huo una walinzi wasiolala. Wataalamu wa Virginia Tech ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam waliweka kuuzunguka vyombo vya GPS vilivyofungwa imara katika ardhi, vikisema kila siku mahali vilipo. Mwaka 2022 vyombo hivyo vilionyesha ardhi ya pale ikiinuka upesi kuliko desturi, dalili ya kwamba chini kuna kitu kinachojaa. Jicho la mwanadamu lisingeona. Na mtu akiongeza kipimo cha uvutano juu ya kipimo cha kuinuka, aweza kupambanua kama kilichoingia chini ni uji mzito au ni mvuke mwepesi, kama mama wa nyumbani anavyoinua mtungi akajua una maji au ni mtupu, bila ya kuchungulia ndani.

Na Meru wetu je? Huo nao ni mlima wa moto, uliotoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Zamani za kale, miaka elfu kadhaa iliyopita, ubavu wake wa mashariki ulibomoka wote ukamwagika kuelekea huku. Vile vilima vidogo vidogo vya Momela ambavyo wageni huvipiga picha, na sehemu kubwa ya ardhi hii tunayolima na kujengea, ni kifusi cha mlima ule. Sisi tunaosema mlima hauendi tumejenga madrasa juu ya mlima uliokwenda.

Tukasema sasa tumefahamu habari ya ardhi. Na bahari nayo? Sifuri yenyewe imetulia? Jioni ya tatu ikawa ya bahari, nasi tulikuwa na sababu ya nyumbani ya kuiuliza. Tunaye shemeji yetu kisiwani Pemba, mkulima wa mpunga. Katika mabonde ya huko, maji ya chumvi yameingia katika makonde yaliyolimwa tangu enzi za mababu. Ndugu wa nyumba ile wamegawanyika. Mmoja asema bahari inapanda, kwa hivyo konde liachwe. Wa pili asema ni ardhi inayozama. Wa tatu asema ni kwa sababu mikoko imekatwa, ipandwe tena na ukuta utiwe. Wamefika mahali hawali sahani moja. Na kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya ugonjwa mmoja haiponyeshi mwingine.

Mpima ardhi akatueleza hivi. Kipimo cha bahari hufungwa katika gati. Gati likizama, kipimo kitasema bahari imepanda; gati likiinuka, kitasema bahari imeshuka. Hakikusema uongo, kimesema kilichoona. Katika Uswidi, bwana mmoja aitwaye Anders Celsius alichonga alama juu ya jiwe la pwani mwaka 1731, na baada ya miaka mingi alama ikaonekana imeiacha bahari chini. Bahari haikukauka. Nchi ile zamani ililaliwa na barafu nzito mno, na barafu ilipoyeyuka ardhi ikaanza kuinuka polepole kama godoro aliloondoka mtu, nayo inaendelea hata leo. Jakarta ya Indonesia ni kinyume chake: watu wamevuta maji mengi mno katika visima, ardhi ikatitia, na bahari ikaingia mitaani.

Karibu nasi upo mfano wa Unguja. Kipimo cha bahari kiko bandarini Zanzibar tangu mwaka 1984. Dunia nzima ilikuwa ikisema bahari inapanda, na hesabu ni hizo: kiasi cha sentimita 20 kwa wastani tangu mwaka 1901 hadi 2018, na mwishoni mwa muda huo karibu milimita 4 kila mwaka. Lakini kipimo cha Zanzibar, kutoka 1985 hadi 2004, kilionyesha maji yakishuka milimita chache kwa mwaka! Mwenye pupa angesema wataalamu ni waongo. Mwenye pupa mwingine angekitupa kipimo. Wao hawakufanya lolote katika hayo mawili; walitafuta mashahidi wengine. Tangu mwaka 1992 zipo setilaiti zinazoipima bahari kutoka juu kwa rada, wala hazijui gati la mtu. Walipoiangalia Bahari ya Hindi yote, walikuta kuwa pepo zilikuwa zimebadilika nguvu na mwendo, zikiyasukuma maji; na sehemu hii ya kusini-magharibi, tuliyomo sisi, ilikuwa imeshuka huku nyingine zikipanda. Baadaye maji ya Zanzibar nayo yakaanza kupanda. Kipimo kilikuwa kikweli, na dunia ilikuwa kweli. Iliyokosekana ni subira ya kuwasikiliza wote wawili.

Ndiyo maana siku hizi hutakiwa mashahidi watatu: kipimo cha maji, chombo cha GPS kando yake cha kusema kama ardhi imetulia, na kipimo cha uvutano. Hata huo uvutano hupimwa kutoka mbinguni. Mwaka 2002 Marekani na Ujerumani zilirusha setilaiti mbili zikifuatana, moja nyuma ya nyingine kwa kiasi cha kilomita 220. Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito zaidi huvutwa mbele kidogo, nafasi kati yao ikapanuka. Na kwa kuipima nafasi hiyo hujulikana maji yameongezeka au kupungua wapi. Ziliona Ziwa Viktoria likipungua hadi mwaka 2006. Kazi zake zilikoma mwaka 2017, na pacha wengine wakarushwa mwaka 2018; hao ndio waliokuwako angani wakati ziwa lilipojaa hata likafukuza watu majumbani mwao mwaka 2020.

Tulimpelekea shemeji yetu maneno haya kwa simu, naye alisikiliza kimya. Hatukumwambia konde liachwe wala lisiachwe. Hatuna haki hiyo. Tulimwambia yeye na ndugu zake wachukue nguzo moja ya mti mgumu, waitie alama, waisimike ukingoni mwa bonde, na kila bamvua waandike maji yamefika wapi. Kisha daftari hilo waliweke mikononi mwa bwana shamba na watu wa mazingira wa kisiwa, wapate kulilinganisha na vipimo vya bandarini. Alama yao peke yake haitawaambia ni bahari au ni ardhi. Lakini itawaondoa katika kubishana kwa macho na kuwaleta katika kubishana kwa maandishi. Na watu wanaosoma daftari moja ni rahisi kula sahani moja.

Wasomaji wetu wa Arusha na Meru wasidhani kuwa haya ni ya watu wa pwani. Sisi wa Maji ya Chai tunajua kuliko wengi kipimo kikikosekana hufanya nini. Wazee wetu walikunywa maji ya mito na visima vya hapa. Ni maji yanayokata kiu, hayana harufu ya kumwonya mtu. Watoto wakaota meno ya kahawia, na wengine mifupa ikapinda. Watu wakasema ni ukoo, wengine wakasema ni uchawi. Kumbe ilikuwa floridi, itokayo katika mawe ya mlima wetu wa moto, nayo haionekani kwa jicho wala haionjwi kwa ulimi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Na baadhi ya maji yetu yamepita kiasi hicho mara nyingi. Pale Ngurdoto palijengwa kituo cha kutafuta njia ya kuyasafisha, na huko hutumiwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ikayachuja maji. Kabla ya kupima, palikuwa na lawama tu. Baada ya kupima, ikapatikana ndoo yenye chujio, na mtoto akanywa salama.

Dini yetu imetukataza kupunja mizani, na sisi walimu tumezoea kulifundisha hilo kwa habari ya muuza sukari na muuza nyama. Twaona sasa kwamba hata neno lina mizani. Mtu akitoa jibu asilolijua, amepunja. Akipeleka uvumi wa tetemeko asioupima, amepunja, na mbuzi wanne wa jirani ni ushahidi juu yake. Na mzazi anayemcheka mtoto kwa sababu swali limemshinda, amempunja mtoto kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Jumamosi iliyopita tulisimama mbele ya darasa. Tukamwita yule mtoto, tukasema kwa sauti ambayo wote waliisikia kwamba alipouliza sisi hatukuwa tunajua, na tulipaswa kusema hatujui. Tukawaeleza watoto mpira wa maji, na timazi, na bandari ya Tanga. Tukasema kitabu chake hakikusema uongo wala kaka yake hakusema uongo. Kila mmoja amepima kwa njia yake, na mlima uko pale pale. Na habari ya vigingi tukasema kwamba hiyo ni neno la Mola wetu, nasi tulilitumia mahali pasipo pake.

Akanyamaza kidogo. Kisha akanyosha mkono, baada ya wiki tano: "Maalim, kama urefu wahesabiwa kutoka baharini, na bahari inapanda, basi Kilimanjaro utapungua bila ya kushuka?"

Safari hii hakucheka mtu. Tukamjibu kwamba hatuna jibu siku ile, na tutamletea. Tukampigia simu mpima ardhi usiku ule ule. Jibu lake ni hili, nasi tumelipeleka darasani: sifuri ya vipimo si bahari ya leo, bali ni wastani wa miaka ile ya zamani, uliofungwa katika alama zilizotiwa kwenye mawe ya imara, kwa hiyo hesabu ya kitabuni haishuki kila mwaka bahari ipandapo. Lakini mtoto amesema kweli kwa upande mwingine, kwamba bahari imekwisha kuanza kuiacha alama yake, na ipo siku watu watakaa tena wakubaliane juu ya sifuri mpya. Mpima ardhi akaongeza kuwa swali hilo wakubwa katika kazi yake huliuliza wakiwa mezani kwa mikutano. Na akauliza jina la mtoto.